Usukani wa Bwana Shamba

Baiskeli ililetwa Jumanne asubuhi, imeviringishwa ndani ya magunia mawili na kufungwa kwa kamba za mgomba. Kijana aliyeileta alikuwa ameibeba begani kutoka mlimani, njia ya Vudee, na hakutaka mtu amsaidie kuishusha. Aliilaza chini taratibu mbele ya kibanda cha Hedwiga, karibu na stesheni ya Same, akajifuta vumbi usoni kwa mkono wa shati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na safari."

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka sabini na nne, na upepo wa Same ulikuwa unapuliza vumbi tangu alfajiri. Hedwiga alikuwa amepiga magoti anaziba pancha. Alikuwa mjane wa miaka hamsini kasoro. Mumewe, Filipo, ndiye aliyekuwa fundi wa baiskeli, na kwa miaka kumi na mitano Hedwiga alikaa pembeni yake akimpa spana na kushika magurudumu. Filipo alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, watu walidhani kibanda kitafungwa. Hedwiga alikifungua siku ya tatu baada ya matanga. Walimcheka kidogo, halafu wakazoea, kwa sababu rimu aliyoinyoosha Mama Justa, kama walivyomwita kwa jina la bintiye, ilikuwa haipindi tena.

Kijana alifungua magunia. Hedwiga aliiona fremu nyembamba, nyeusi kwa moshi, na usukani ulioinama kwa mbele na kujikunja chini kama pembe za kondoo dume. Akaacha kuziba pancha. Baiskeli ya namna hiyo, ya mashindano, alikuwa ameiona mara moja tu maishani mwake.

"Wewe ni mtoto wa marehemu Anaeli," alisema.

"Ndiye mimi. Tumainieli."

Hapakuwa na mtu wa Same ambaye hakuijua habari ya Anaeli. Alikuwa bwana shamba, mtu mrefu mwenye sauti ya kwaya, aliyepanda milima yote ya Upare kuwafundisha watu kupanda kahawa kwa mistari. Wakati wa Uhuru mzungu mmoja wa shamba la mkonge alifunga mizigo yake na kumwachia baiskeli yake ya mashindano. Anaeli akawa mtu wa kwanza mlimani kushuka Same kwa dakika arobaini. Mwaka uliofuata, mwezi kama huu wa nane, alianguka kwenye kona ya chini, mahali palipo sawa, pasipo jiwe wala shimo. Waliomkuta walisema alikuwa amelala kifudifudi mbele ya baiskeli, kana kwamba mtu alimsukuma mgongoni.

Na kwa kuwa hapakuwa na jiwe wala shimo, watu walitafuta mtu. Walimpata Lukia, mjane aliyekuwa na shamba linalopakana na la Anaeli. Walikuwa wamegombana mwaka huo juu ya zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa dogo la kumwagilia mashamba. Zaidi ya hayo, wiki moja kabla ya ajali, watu wanne walimsikia Lukia akimwambia Anaeli mbele ya ndiva kwamba baiskeli ile itamwangusha. Anaeli alipozikwa, Lukia aliitwa mchawi, nyumba yake ikabomolewa na migomba yake ikakatwa. Alishuka tambarare na mbuzi wawili, akajenga kibanda kando ya reli, maili kumi kutoka Same, akaishi huko miaka kumi na miwili.

"Ilikuwa imetundikwa jikoni kwa mama," Tumainieli alisema. "Hakuna aliyeigusa tangu siku ile. Nataka iende. Nimeleta matairi, breki nimepata Moshi. Jumamosi nitaifuata."

Hedwiga alishika usukani, akautikisa kidogo. "Huu usukani na hii shingo si vya baiskeli moja. Unaona? Usukani mwembamba, shingo ina mdomo mpana."

Shingo ni kile chuma kifupi kinachoingia kwenye bomba la mbele la baiskeli na kuukamata usukani mdomoni mwake kwa boliti moja. Boliti hiyo ndiyo inayobeba mikono, mabega na uhai wa mpandaji.

"Baba alipanda hivyohivyo," Tumainieli alisema. "Usibadilishe kitu. Kaza tu."

"Una haraka ya nini, mwanangu?"

Kijana alitazama upande wa reli. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mwaka huo alikuwa amepewa kazi ya kusimamia watu wa tambarare wanaohamia kijiji kipya. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na kalamu mbili mfukoni.

"Jumatatu tunawahamisha watu wa kando ya reli. Nataka nifike kwa yule mama nikiwa juu ya baiskeli hii. Nataka aione kwanza."

"Aione halafu?"

"Halafu kibanda chake kitaungua."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja saa ya basi.

"Nilisikia wazee wameachwa, hawatahamishwa mpaka mvua za vuli," Hedwiga alisema.

"Wazee wengine," Tumainieli alijibu, akaaga kwa adabu na kuondoka.

Jumatano Hedwiga aliipandisha baiskeli juu ya benchi. Alisugua moshi na masizi kwa majivu na mafuta ya taa, akatoa cheni iliyokufa, akaondoa kitambaa kilichooza kwenye usukani. Kazi ilikuwa inamwendea vizuri mpaka alipolegeza boliti ya shingo na kuuvuta usukani.

Kitu kilidondoka juu ya benchi. Kilikuwa kipande cha bati, upana wa vidole viwili, kimekunjwa duara. Alikiokota na kukisogeza kwenye mwanga. Kilikuwa kimekatwa kwenye kopo la maziwa. Rangi ya buluu bado ilionekana upande mmoja. Katikati kilikuwa kimechanika. Aliutazama usukani mahali ulipokuwa umekamatwa, akaona mikwaruzo inayouzunguka, mirefu, imechimba chuma. Mikwaruzo ya namna hiyo haiji kwa kukaa ukutani. Usukani ulikuwa umezunguka ndani ya mdomo wa shingo ukiwa umebeba uzito.

Hedwiga alikaa chini.

Aliweza kuona yote, kama fundi yeyote angeona. Mtu anashuka mlima. Anafika chini, mwendo bado mkali, anakamata breki na kuulalia usukani kwa uzito wake wote. Bati linachanika. Pembe za kondoo zinageuka ghafla kuelekea chini, mikono inakosa pa kushika, na mtu anatupwa mbele, mahali palipo sawa, pasipo jiwe wala shimo.

Na ule mkato wa bati, wenye pembe zilizoviringwa kwa tupa ili zisikate vidole, aliujua. Mtu mmoja tu Same alikuwa anakata bati hivyo.

Filipo siku zote alisema kwamba baiskeli ya bwana shamba aliibadilishia matairi tu. Hedwiga alikuwa hajawahi kumwuliza zaidi. Sasa alikumbuka siku habari ilipofika stesheni. Filipo aliweka spana chini, akaingia ndani, na makande aliyopikiwa yakalala kwenye sufuria. Alikumbuka kwamba mwaka ule alipanda mlimani mara mbili kwa mama wa Tumainieli kuomba auziwe baiskeli kama chuma chakavu, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu, na kwamba kikohozi chake kilianza miezi ile. Alikuwa amedhani ni huzuni ya mtu aliyempoteza rafiki.

Akainuka, akaburuta kasha la zamani la mumewe kutoka chini ya kitanda. Chini kabisa, chini ya spoku na nati zenye kutu, alikuta kitu kizito kimefungwa kwa gazeti. Ilikuwa shingo mpya, haijawahi kutumika. Alijaribu usukani mdomoni mwake, ukaingia barabara, bila kucheza hata chembe. Kisha akalinyoosha gazeti na kusoma tarehe. Ilikuwa ya mwezi wa tisa, mwaka wa sitini na mbili.

Filipo alikuwa ameitafuta. Ilimfikia wakati Anaeli ana mwezi mmoja kaburini.

Hedwiga alifunga kibanda mapema siku ile. Aliogopa, na hakujidanganya juu ya anachokiogopa. Akilifunika jambo hili, atamkabidhi kijana baiskeli yenye shingo nzuri na hakuna atakayejua. Jina la Filipo litabaki safi, na yeye ataendelea kula kwa jasho lake. Akilisema, nani tena ataleta baiskeli kwa mjane wa fundi aliyeua bwana shamba? Justa alikuwa ameolewa Moshi katika ukoo wa watu wanaoheshimiwa kanisani. Ukweli ungefika mpaka huko.

Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja.

Alhamisi alipanda lori lililokuwa linakwenda Hedaru, akashuka pale njia inapokaribiana na reli, akatembea katikati ya miiba na vichuguu mpaka alipokiona kibanda. Mwanamke mzee mwembamba alikuwa anafagia mbele ya mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni mke wa Filipo."

"Unanifahamu?"

"Mtu aliyefukuzwa huwafahamu watu wote. Kaa."

Hedwiga alikaa juu ya gogo. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alifungua fundo la kanga yake, akatoa kile kipande cha bati, akakiweka juu ya kiganja cha mzee. Akaeleza. Alieleza usukani, shingo, mikwaruzo, na gazeti. Alipomaliza, mbuzi walikuwa wamesogea mpaka miguuni pao na jua lilikuwa limepanda.

Lukia aligeuzageuza bati. "Siku ile pale ndiva," alisema, "Anaeli aliiinua baiskeli kuivusha mfereji. Nikaona zile pembe zinaitikia, hivi." Alishusha kiganja chake taratibu, kama kichwa cha mtu anayesinzia. "Nikamwambia, Anaeli, pembe za hiyo baiskeli zinacheza, itakuangusha. Alicheka. Wale wengine walikuwa mbali, walisikia neno la mwisho tu."

"Uliwaambia baadaye?"

"Niliwaambia. Wakasema, kumbe ulijua."

Treni ya mizigo ilipita, ndefu, na ardhi ilitetemeka chini ya gogo.

"Nimekuja kukuomba msamaha," Hedwiga alisema. "Na kukuonya. Tumainieli atakuja Jumatatu kuchoma hiki kibanda."

Lukia alimrudishia bati. "Mimi unaniambia ili iweje, mwanangu? Mimi nimejua siku zote kwamba sikuua mtu. Umekuja maili kumi kumwambia mtu pekee asiyehitaji kuambiwa." Aliyasema bila hasira. "Nenda ukawaambie wao. Na msamaha tutauzungumza siku nyingine, nikiona kama nitakuwa na mahali pa kukukaribisha."

Hedwiga aliondoka. Alipogeuka nyuma, alimwona mzee ameacha kufagia na ameanza kutoa vitu nje, kimoja kimoja: kinu, mkeka, mtungi.

Ijumaa alifunga matairi na breki na cheni, akazungushia usukani kitambaa kipya. Lakini shingo hakuibadilisha. Aliurudisha usukani kwenye shingo ya zamani, akalikunja bati lilelile lililochanika, akakaza boliti kama Filipo alivyoikaza. Alitaka kijana aone kwa macho yake.

Jumamosi Tumainieli alifika saa nne na ushee. Alipoiona baiskeli inang'aa, uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza, na Hedwiga aliona jinsi alivyokuwa mtoto baba yake alipokufa.

"Kabla hujaigusa," Hedwiga alisema, "sikiliza."

Akamwambia. Safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilibidi alitaje jina la mumewe mbele ya mtoto wa marehemu, na alilitaja mara tatu ili yeye mwenyewe asilikimbie. Tumainieli alimsikiliza amesimama, mikono nyuma.

"Yule mama amekupa nini?" kijana aliuliza baada ya Hedwiga kumaliza.

"Hajanipa kitu."

"Ulikwenda kwake. Watu wamekuona ukishuka kwenye lori juzi. Amekutia maneno, na wewe unamchafua mumeo mwenyewe kaburini. Hata haya huna."

"Shika usukani," Hedwiga alisema. "Mimi nitashika gurudumu. Ukandamize kama mtu anayeshuka mlima."

Kijana alisita, akashika. Akakandamiza. Usukani haukucheza.

"Unaona?" alisema.

"Tena."

Akakandamiza tena, kwa nguvu zaidi. Haukucheza. Jasho lilianza kumtoka Hedwiga mgongoni. Upepo ulikuwa umetulia, na kwa mbali stesheni mtu alikuwa anagonga chuma kwa chuma.

"Kamata breki," alisema. "Zote mbili. Halafu uulalie kwa kifua, na uzito wako wote."

Tumainieli alikamata breki, akaulalia. Kwa kitambo kidogo hapakutokea kitu. Kisha kukasikika mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kinachovunjika, na pembe zote mbili zikageuka chini. Kijana aliangukia mbele, kidevu kikagonga gurudumu, na Hedwiga akamdaka begani.

Alibaki ameinama hivyo. Damu kidogo ilimtoka mdomoni, ikadondokea shati jeupe.

"Mahali palipo sawa," alisema baadaye, polepole.

"Mahali palipo sawa," Hedwiga alimwitikia.

Tumainieli aliinuka ghafla. Alitazama saa yake, na uso wake ukabadilika rangi. "Ni mwendo wa saa ngapi kwenda kule kwa baiskeli?"

"Saa nzima, labda pungufu. Kwa nini?"

"Niliposikia umekwenda kumwona, nilisema atatoroka. Nimewatuma vijana wawili leo asubuhi na lori la kokoto. Niliwaambia wanisubiri mpaka saa sita. Nisipofika, waanze."

Saa ilikuwa inakaribia saa tano. Tayari alikuwa ameshika baiskeli, anaugeuza usukani juu kwa mikono ili aipande. Hedwiga alisimama mbele ya gurudumu.

"Toka, mama."

"Kuna korongo kabla ya kufika. Unateremka mpaka darajani, utashika breki. Usukani huu utakutupa kama ulivyomtupa baba yako."

"Watachoma."

"Dakika kumi. Nipe dakika kumi."

Alimwona akipima, na aliogopa kwamba atampita. Lakini kijana aliiachia baiskeli, akarudi nyuma, akakaa juu ya kasha la vyombo na kushika kichwa.

Hedwiga alifanya kazi. Shingo ya zamani, iliyokuwa imekaa miaka kumi na miwili kwenye bomba, haikutaka kutoka. Alimimina mafuta ya taa, akagonga kwa nyundo ya mbao, akagonga tena. Ilipoachia, alifuta bomba, akapaka grisi, akaingiza shingo ya Filipo. Akapitisha usukani mdomoni mwake, akaunyoosha kwa jicho, akakaza. Kisha aliulalia yeye mwenyewe kwa kifua, mara tatu, akiomba kimoyomoyo. Ulikaa kimya kama mti.

Zilikuwa zimepita dakika ishirini.

"Nenda," alisema.

Tumainieli alisema baadaye kwamba hakumbuki njia. Anakumbuka korongo tu. Aliliteremka bila kushika breki mpaka alipoona ng'ombe wa Wamasai wamejaa darajani, ndipo alipoulalia usukani kwa uzito wake wote, akangojea ule mlio. Haukuja. Alipita kati ya ng'ombe, akapanda upande wa pili, na alipofika juu aliuona moshi.

Alichelewa dakika chache, si zaidi. Paa lilikuwa limeshaanguka. Vijana wake wawili walikuwa wamesimama mbali, wamegeuza nyuso kama watu wasiotaka kujua nani aliyewasha kiberiti. Lukia alikuwa amekaa juu ya kinu chake kilicholazwa, vyombo vyake vimemzunguka, mbuzi wamefungwa mtini. Karibu kila kitu alikuwa amekitoa tangu Alhamisi, isipokuwa mbegu. Mahindi na maharage ya kupanda yalikuwa yananing'inia juu ya mafiga, kwenye moshi, ili wadudu wasiyale. Alikuwa anataka kuyashusha mwisho. Sasa yalikuwa yanalipuka ndani ya moto, moja moja.

Tumainieli alishuka. Akasema lile analofundishwa kila mtoto.

"Shikamoo, mama."

Lukia aliutazama usukani kwanza, muda mrefu, kisha akamtazama yeye na damu iliyokauka kwenye shati lake.

"Sasa imekazwa," alisema.

Salamu hakuiitikia.

Hedwiga alipofika kwa lori la mchana aliwakuta hivyo hivyo, mmoja ameketi, mwingine amesimama, na majivu katikati yao.

Mambo yaliyofuata hayakwenda kama Hedwiga alivyotumaini, ingawa yalikwenda. Tumainieli alijiuzulu kazi ile wiki hiyo hiyo. Jumapili ya pili alisimama nje ya kanisa la kijiji chao, watu wanatoka ibadani, akaeleza habari yote, akiwa na shingo ya zamani na bati mkononi. Wazee wengine waliinamisha vichwa. Mmoja wa wale wanne waliokuwa ndiva alilia waziwazi. Lakini wapo waliosema kwamba bati ni bati tu: lilikaa miezi yote ile bila kuchanika, kwa nini lichanike siku ile? Nani alilichana?

Yudith, mama wa Tumainieli, alishuka Same siku chache baadaye peke yake, akasimama mbele ya kibanda cha Hedwiga, hakutaka kukaa.

"Mumeo alikuja kwangu mara mbili," alisema. "Nilimpa uji. Alikunywa."

"Najua, Mama Tumaini."

"Alinitazama usoni, akanywa uji wangu, na Lukia alikuwa ameshafukuzwa."

Yudith alisimama kidogo zaidi, kisha akajifunika kanga yake vizuri na kurudi njia ya mlimani.

Lukia aliambiwa kwamba anaweza kurudi, na kwamba shamba lake lingali lake. Alikataa. Alisema migomba yake ilikatwa na watu aliowazalisha kwa mikono yake mwenyewe, na hawezi kuamka kila siku akisalimiana nao. Alichukua kiwanja katika kijiji kipya cha tambarare kama watu wengine. Tumainieli alimletea mbegu kabla ya mvua za vuli. Alizipokea, akazipanda, na bado salamu yake hakuiitikia.

Kuhusu Hedwiga, mwanzoni hakuona tofauti. Kisha baiskeli zilianza kupungua. Mtu angeleta tairi, halafu siku ya pili angetuma mtu aje kulichukua kabla halijazibwa. Mwanamke wa sokoni aliyemuuzia mboga miaka yote alianza kumpa chenji kwa kuiweka mezani badala ya mkononi. Mwezi wa kumi mtoto wa mkuu wa stesheni alianguka na baiskeli, akavunjika mkono. Baiskeli ile haikuwahi kupita mikononi mwa Hedwiga, lakini aliwasikia wanawake wawili bombani wakisema kwamba alipita mbele ya kibanda chake asubuhi ile. Waliponyamaza kwa kumwona, alijua neno lililokatika lilikuwa lipi. Lilikuwa limeshuka mlimani, likakaa miaka kumi na miwili kando ya reli, na sasa lilikuwa linatafuta makao mapya.

Justa aliandika kutoka Moshi akimsihi afunge kibanda, ahamie kwake. Hedwiga aliisoma barua mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia, akafungua mlango kama kawaida.

Siku ya gulio, katikati ya mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshapiga vumbi, Lukia alikuja Same kuuza kuku. Alimaliza mapema, na basi la kurudi lilikuwa halijafika. Watu walikuwa wengi kwenye baraza za maduka, na kila alipokaribia benchi, walijisogeza kwa namna ambayo nafasi ilipotea. Alivuka barabara, akaja mpaka kwenye kibanda cha Hedwiga, akasimama mlangoni na tenga tupu.

"Una kigoda?" aliuliza.

Hedwiga alimpa. Mzee alikaa, akainyoosha miguu yake. Watu waliokuwa wanakuja upande ule walipowaona wawili hao pamoja, walipunguza mwendo, kisha wakahamia ng'ambo ya barabara, mmoja baada ya mwingine, hata wale waliokuwa wanasukuma baiskeli zenye pancha.

"Utakosa chakula hapa," Lukia alisema, akiwatazama.

"Labda."

"Watakuja kwako siku moja, kama walivyokuja kwangu kule mlimani. Hawaji mchana."

"Najua, mama."

Lukia aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Hedwiga alichukua gurudumu lililokuwa limekaa wiki tatu bila mwenyewe kulifuata, akaanza kuzikaza spoku zake, moja baada ya nyingine, na basi lilikuwa bado halijafika.